Usisubiri Umalize Deni Ndipo Urudi kwa Mungu

Juzi usiku nilipokea ujumbe wa dada mmoja wa huko Nachingwea. Amezaa na mume wa mtu, kanisani kwao amezuiwa meza ya Bwana, na huu ni mwaka wa pili hajakanyaga mlangoni. Swali lake lilikuwa moja tu: "Kaka, nikishatengeneza maisha yangu, Mungu atanipokea?"

Nilianza kumwandikia mistari mitatu, nikaifuta. Hilo neno "nikishatengeneza" nalijua. Nimelibeba kichwani kama gunia, tena safari ndefu. Kwa hiyo dada, univumilie, nianze na yangu.

Mwaka 2018 nilikuwa mhazini wa kwaya hapa Masasi. Tulikuwa tumechanga shilingi 1,850,000 za kununua kinanda na spika mbili. Akina mama wa sauti ya pili waliuza maandazi, sisi wanaume tuliimba kwenye harusi za watu hadi sauti zikakauka. Hela zilikaa kwangu kwa sababu niliaminika. Sijisifu, lakini pale parokiani hakuna aliyeaminika kunizidi, hata mzee wa kanisa alikuwa anakuja kwangu kuhesabiwa sadaka ikimchanganya.

Msimu uliotangulia korosho ilikuwa imepanda mnadani mpaka karibu shilingi 4,000 kwa kilo. Kila kijana aliota pikipiki. Na mimi nikaingia kangomba. Kwa wasio wa kusini: unamfuata mkulima miezi ya njaa, kabla ya mavuno, unampa vijisenti, naye anakulipa kwa korosho msimu ukifika, kwa bei ya kumkaba koo. Ni marufuku, kila mtu anajua ni marufuku, na watu wanafanya. Nilijiambia nazikopa tu hela za kwaya, kufikia Desemba nitanunua kinanda kikubwa zaidi na chenji ibaki. Nilishaanza hata kukiwaza rangi yake.

Novemba ile Serikali ikatangaza itanunua korosho yenyewe, shilingi 3,300 kwa kilo. Nilishangilia siku moja. Kisha likaja suala la uhakiki: onyesha shamba lako. Shamba langu mimi ni mikorosho minne nyuma ya choo cha mama. Mzigo wangu ulikuwa umepelekwa chama cha msingi cha ushirika kwa majina ya wakulima, na hela zilipoingia, ziliingia kwa majina hayohayo. Wawili walinikumbuka kidogo. Wengine wakasema hawanifahamu. Utaenda kushtaki wapi? Hakuna mahakama ya kangomba.

Jina langu lilisomwa mbele ya kanisa Jumapili ya Majilio, katikati ya tangazo la ndoa na tangazo la kupotea kwa ufunguo wa stoo. Ufunguo ulipatikana wiki ileile. Aliyesoma nilikuwa nimesimama naye sauti ya tatu miaka sita, na alisoma taratibu, silabi kwa silabi, kama mtu anayeonja mchuzi. Nimemsamehe. Nadhani nimemsamehe.

Nikakimbilia Lindi kwa mjomba. Wenzetu wa huku mnajua uzito wa mjomba. Ukoo wetu unafuata upande wa mama, kwa hiyo mimi ni wa kwake kabla sijawa wa baba yangu. Mjomba ni Mwislamu, mtu wa swala tano, na hakuniuliza kitu. Alinionyesha pa kulala, asubuhi akanipeleka sokoni kupakua samaki. Kila Jumapili alikuwa ananiuliza swali moja tu: "Leo huendi kwenu?" Nami namjibu: "Nitaenda nikishalipa, mjomba." Anatikisa kichwa, anaendelea na kahawa yake.

Mwaka ukapita. Hela niliyoweka haikufika hata laki mbili, kwa sababu mtu mwenye aibu hula hela zake kwa siri kama alivyokula za watu. Hili sikulisoma popote, nimeliishi.

Siku moja mama akapiga simu. Hakutaja kwaya, hakutaja hela. Alisema ming'oko, vile viazi vya porini, imeanza kupatikana, nije nile. Basi. Nikapanda gari, Mnazi Mmoja nikabadilisha, Nyangao, Ndanda, njia nzima natunga maneno ya kumwambia. Nilikuwa na hotuba kamili yenye utangulizi, tarehe za malipo na mashahidi.

Sasa msitarajie kwamba mama alinikimbilia. Mama ana magoti mabovu. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, beseni la ming'oko mbele yake, akaniangalia, akasogea kidogo. "Kaa, menya hii." Nikaanza: "Mama, mimi..." Akasema, "Kisu kiko hapo."

Nilimenya huku nalia.

Usiku huo nikafungua Luka 15, habari ya mwana mpotevu aliyetapanya mali ya baba yake, sura niliyoihubiri mwenyewe kwenye kongamano la vijana, na nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona. Yule kijana kule kwenye nguruwe anajitungia maneno, mstari wa 19, na ya mwisho ni haya: "nifanye kama mmoja wa watumishi wako." Yaani niajiri, nikatwe mshahara polepole mpaka deni liishe. Akifika nyumbani, mstari wa 21, anaanza vizuri: nimekosa, sistahili kuitwa mwana wako. Lile la utumishi halitoki. Baba keshageuka anaagiza vazi, pete na viatu. Mzee hakutaka kusikia habari ya mkataba. Na alikuwa amemwangukia shingoni kabla kijana hajafungua mdomo, tena alimwona "alipokuwa angali mbali".

Dada yangu, hapo ndipo pa kushika. Wahubiri wanapenda kutuambia neno la Kigiriki, agape, yaani upendo usio na masharti, nasi tunaitikia amina bila kubadilika. Paulo anasema wazi katika Warumi 5:8 kwamba Kristo alikufa kwa ajili yetu tulipokuwa tungali wenye dhambi. Tungali. Hakusubiri uhakiki. Hakuuliza shamba lako liko wapi. Na sisi wa Masasi tungekuwa wa kwanza kuelewa, maana kanisa hili lilianza mwaka 1876 na watu waliokombolewa utumwani, waliopanda kutoka pwani pamoja na Askofu Steere, mmisionari Mwingereza wa Kianglikana. Ni watu waliowahi kutajiwa bei sokoni. Halafu wajukuu zao wa imani tunakaa kupangiana bei nani anafaa kukaa benchi la mbele!

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: rudi. Usijisafishe kwanza, rudi. Ukisikia moyo unasema "kwanza nifanye hivi," jua huo ni ule mstari wa 19, uukatishe.

Msinielewe vibaya. Hela nililipa. Nilianza 2020, nikamaliza 2023, kidogo kidogo, mwezi mwingine kuku wawili, na risiti zote ninazo, anayebisha aje. Lakini nililipa nikiwa mwana wa nyumbani, sikulipa ili nifunguliwe mlango. Aliyewahi kulipa deni kwa namna zote mbili anajua tofauti yake mabegani.

Jambo moja sikulitubu mapema, na ninaliandika hapa kwa mara ya kwanza. Kwa padri nilitaja hela za kwaya. Sikuwataja wakulima. Kuna mama mmoja nilimpa hela wakati mtoto wake anaumwa, nikamwandikia magunia mawili, naye akashukuru kwa mikono miwili. Huyo alikuwa mmoja wa wale wawili walionikumbuka. Nilimfuata mwaka jana na nusu gunia la mchele. Alinikaribisha uji.

Na mwaka jana huohuo, kijana mmoja aliyetorokea Dar es Salaam na vitu vya watu aliomba kurudi kwaya. Unajua nani alikuwa wa kwanza kupinga kwenye kamati? Mimi. Nilisema "akae kwanza nje miezi sita tumwangalie." Kaka mkubwa wa kwenye ile sura anakataa kuingia ndani, na Luka hatuambii kama aliingia baadaye. Nilitoka kwenye kikao kile sijijui nimesimama upande gani wa mlango. Kijana tulimpokea, lakini kwa kura za wengine.

Dada, nimeandika mengi na swali lako lilikuwa fupi. Kama kwenu kuna macho mengi, Jumapili panda gari uje Masasi, misa ya kwanza. Kaa benchi la nyuma kabisa upande wa dirisha, ndilo nililokaa mimi. Mtoto mlete. Ila angalia nguo yako, lina msumari umechomoza.