Barua kwa mwanangu: masta bila digrii

St. Paul, Minnesota

Kamwene, mwanangu.

Ujumbe wako nimeusoma ndani ya basi, natoka zamu ya usiku. Unauliza: "Baba, digrii huna, masta unaingiaje? Hao si matapeli?"

Matapeli wapo, tena wale wa kukutumia udaktari kwa barua pepe ukishalipa. Ndiyo maana nilianza na ithibati. Vyuo vya theolojia vya Marekani na Kanada vina chombo chao cha kuvipa ithibati, ATS, kilichoanza 1918. Chombo hicho kinakiruhusu chuo kupokea watu wasio na digrii, mradi chuo kijiridhishe kwamba mtu ataimudu ngazi hiyo.

Kwenye huko kujiridhisha ndiko nilikotoka jasho. Nilidhani miaka 19 ya uinjilisti pale mtaani itanibeba. Nikajaza kurasa nane: ibada, kipaimara, misiba. Nikaeleza na ule msiba wa kichanga cha jirani, unaukumbuka, mvua imekata barabara, mchungaji kakwama usharikani, seremala kaunga kijisanduku kwa mbao za matenga ya nyanya. Profesa akanirudishia na mstari mmoja wa kalamu nyekundu: umetueleza ulichofanya, hujatueleza ulichojifunza.

Nilinuna siku mbili, sikufichi. Ya tatu nikakaa mezani tena. Nikaandika kwamba siku ile nilikuwa nimeandaa Ayubu, "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa", lakini mama wa mtoto aliponitazama mdomo ukagoma. Nikafunua Zaburi ya 13, ile ya "hata lini". Wakati ule sikujua kwa nini. Sasa nikaeleza: maneno yale ya Ayubu ni ya sura ya kwanza, na kufikia sura ya tatu Ayubu huyohuyo anailaani siku aliyozaliwa. Sisi wahubiri tunaishia sura ya kwanza halafu tunawataka wafiwa nao waishie hapo. Kurasa hizo ndizo zilizonifungulia mlango, na hata hivyo muhula wa kwanza nasoma kwa majaribio.

Kama ningetaka kubarikiwa tu, kanisa la Kilutheri la hapa, ELCA, lina TEEM, njia ya kwenda kwenye uchungaji bila masta. Lakini mimi nakitaka Kigiriki, na uzee huu. Masomo ni ya miaka mitatu kwa asiye na kazi. Mimi na zamu zangu, hesabu sita.

Hukuuliza, ila nikuambie: nikirudi nikataka kufundisha, TCU, tume ya vyuo vikuu ya Tanzania, ndiyo itakayoitathmini shahada hii, na huenda ikauliza ya kwanza iko wapi. Nimeingia nikilijua hilo.

Sasa nisaidie. Cheti changu cha chuo cha Biblia kimo kwenye sanduku la bati la mama yako, chini ya vitenge. Kipige picha mbele na nyuma, mhuri uonekane. Msajili ananidai tangu mwezi jana.

Baba yako