Re: Wale wanaotoboa mikoko wanaweza kufika ziwani kwetu?

Ndugu yangu wa Ggaba, umeuliza kama wadudu wanaokula mikoko kule pwani ya Mombasa wanaweza kutuharibia mitumbwi huku, jibu ni hapana, wale wanataka maji ya chumvi na Nalubaale, yaani Ziwa Victoria, ni maji baridi. Alafu yule msumbufu zaidi, anaitwa shipworm, wala si mdudu wala mnyoo japo ni mrefu hivo, ni jamii ya chaza, ana magamba mawili madogo kichwani ndo anakerezea mbao, shimo lake analipaka chokaa, na kwenye matamvua ana bakteria wanaomsaidia kumeng'enya mbao yenyewe. Ndo maana mabaharia wa pwani wanapaka deheni chini ya jahazi, chokaa na mafuta ya mnyama. Ila msituni mi namtetea kabisa, mkoko ukianguka yeye ndo anauvunja, na matundu yake wanahamia kaa na samaki wadogo.

Huku kwetu muogope Povilla, mdudu wa ziwani wa jamii ya mayfly, watoto wake wanaishi majini wanatoboa mbao zilizozama na hata mafunjo, hawali mbao, wanajificha tu humo wakichuja chakula kwenye maji. Wakishaota mabawa wanatoka kwa wingi usiku, kama siku mbili baada ya mwezi mpevu, sio hao lake fly, wadudu wadogo wa ziwani wa mawingu meusi mchana. Kwahiyo uwe unapandisha mtumbwi nchi kavu mara kwa mara, uuache ukauke vizuri ukague sehemu ya chini, hao watoto bila maji hawaishi.