Maswali ya Wasomaji: Plasta Inayobanduka Mji Mkongwe

SWALI: Nimepanga fremu ya duka katika nyumba ya mawe ya zamani, Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Mwaka jana tulipiga plasta ya saruji, sasa inabanduka kuanzia chini na ukuta unatoa unga mweupe. Halafu, mbona chumba ni chembamba hivi?

JIBU: Wembamba umeletwa na boriti. Dari ilibebwa na miti ya mikoko, na boriti moja huvuka mita 3 hivi tu. Ndiyo maana wafanyabiashara wa Kihindi wa karne ya 19 walijenga vyumba vyembamba vinavyoenda mbali kwa ndani: duka mbele, makazi nyuma au ghorofani.

Sasa plasta. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunyonya unyevu wa ardhini na kuutoa nje. Saruji inauziba, chumvi inaganda nyuma yake na kuisukuma. Unga huo mweupe ndiyo chumvi yenyewe.

Bandua saruji kwa patasi, polepole, maana matumbawe ni laini. Acha ukuta ukauke wiki kadhaa, kisha usugue kwa brashi kavu. Ukiosha, chumvi inarudi ndani. Changanya chokaa iliyolowekwa ndoo 1 kwa mchanga wa mto ndoo 3 (wa baharini una chumvi, usiuguse). Piga tabaka mbili za milimita 10, ukizifunika kwa magunia mabichi siku 5 hadi 7. Malizia kwa chokaa, si rangi ya mafuta.

Kabla ya kushika patasi, ongea na mwenye nyumba na ofisi ya Mambo ya Kale.