Kiazisukari si kiazi

SWALI: Naishi Ujerumani. Mwezi wa Oktoba nimeona marundo makubwa ya mizizi myeupe kandokando ya mashamba, nikaambiwa hutengenezewa sukari. Nikimsimulia mama yangu aliyeko Tanga, niseme viazi sukari, kiazisukari au bitiruti?

JIBU: Viazi sukari usiseme kabisa. Mama atajua unamaanisha viazi vitamu, na atakuwa na haki. Jirani yangu mmoja mwenye kisukari alisoma kipeperushi kilichotafsiriwa, kikisema sukari ya dukani Ulaya hutoka kwenye "viazi sukari". Siku ileile akaenda nyuma ya nyumba, akang'oa matuta mawili ya viazi vitamu vilivyokuwa bado kukomaa. Matuta mawili! Nilipomweleza kwamba mmea uliotajwa haujawahi kuota kwenye mtaa wetu, mashina yalikuwa yameshanyauka juani. Tangu siku hiyo nikikutana na neno hili huwa sivumilii.

Kosa liko kwenye neno "kiazi". Kwa Mswahili hilo ni neno la jikoni. Mtaalamu wa mimea atakwambia kiazi kitamu ni mzizi ulionenepa, na kiazi mviringo ni shina lililovimba chini ya udongo, ndiyo maana kina macho. Wazee wetu waliviita vyote viazi, pamoja na kiazi kikuu, wala hawakukosea. Walitazama chungu: unachimba, unamenya, unachemsha au unachoma, unashiba. Karoti nayo huchimbwa; nani amewahi kusema "kiazi karoti"? Figili huchimbwa, tangawizi huchimbwa. Hata muhogo, wenye wanga kuliko vyote hivyo, tumeuachia jina lake. Lakini mfasiri wa siku hizi akiona kitu kimetoka ardhini kimenenepa, basi kwake ni kiazi. Huo ni uvivu, na unaifanya lugha yetu ionekane maskini kuliko ilivyo. Wajerumani unaoishi nao hawachanganyi Rübe (mzizi wa jamii ya bitiruti) na Kartoffel (kiazi mviringo).

Mmea wenyewe ni Beta vulgaris, spishi ileile ya bitiruti nyekundu tunayoisaga juisi, na familia yake ni ya mchicha. Hata ile "spinachi" ya masokoni Nairobi na Dar es Salaam, yenye mabua meupe mapana, kwa kawaida ni spishi hiyohiyo, na hilo ni jina jingine la kupachika ambalo nitalirudia siku nyingine. Mzizi wa aina ya sukari huwa na sukari kama asilimia 15 hadi 20. Hukatwa vipande vyembamba, vikaloweshwa katika maji ya moto hadi sukari itoke. Makapi hulishwa ng'ombe, na molasi, ule uji mzito mweusi unaobaki sukari ikishatolewa, hutumika kuoteshea hamira. Aliyegundua kuwa sukari yake ni ileile ya miwa ni mkemia Andreas Marggraf, mjini Berlin, mwaka 1747. Mwanafunzi wake, Franz Karl Achard, akafungua kiwanda cha kwanza mwaka 1801 huko Silesia, eneo ambalo sehemu yake kubwa leo iko Poland. Miaka 10 baadaye Napoleon, sukari ya miwa ilipokuwa haimfikii kwa sababu ya vita na Waingereza, akaamuru Wafaransa waupande kwa wingi. Katika habari yote hii hakuna mtu aliyeuchemsha akala na chai.

Asili ya maneno haina mengi: "sukari" tumeipata kwa Waarabu, nao kupitia Uajemi kutoka Bara Hindi, "bitiruti" ni Kiingereza kilichotoholewa, na watu wameshaizoea.

Muundo wa "kiazisukari" sina ugomvi nao. Nomino mbili kuungana ni jambo la kawaida, kama batamaji. Ila batamaji ni bata kweli. Kwa hiyo sema "bitiruti ya sukari", na katika maandishi ya kitaalamu "bitisukari". Anayeng'ang'ania "kiazisukari" kwa kuwa alilikuta vitabuni nitamwacha, mradi aliandike neno moja na alieleze mara ya kwanza anapolitaja. "Viazi sukari" kwa maneno mawili nitaendelea kulifuta kila nikabidhiwapo kalamu nyekundu.

Mama mwambie hivi: ni bitiruti nyeupe, kubwa, na yale marundo yanasubiri lori la kiwandani.