Z420 au Z440 kwa kazi ya ramani?

Ndugu, kama fundi wa Ngamiani hapa Tanga anakuuzia HP Z420 na Z440, kompyuta za mezani za kazi nzito (workstation), kwa bei zinazokaribiana, chukua Z440. Ukoo wenyewe uko hivi: HP walinunua Apollo, kampuni iliyotengeneza workstation, mwaka 1989, baadaye wakaja na safu ya workstation iitwayo xw, kisha jina la Z likaanza 2009 kwa Z400, Z600 na Z800. Z420 ni ya 2012 na hutumia RAM (kumbukumbu ya muda) ya aina ya DDR3. Z440 ni ya 2014, na RAM yake ni DDR4, aina mpya zaidi. Hazichangiani RAM hata kidogo.

Ukiipenda Z420 hata hivyo, usilipe kabla hujaiwasha na kubonyeza F10 inapoanza kuwaka, ili uingie kwenye BIOS (programu ya msingi ya bodi). Fungua File, halafu System Information, usome mstari wa Boot Block Date, yaani tarehe ya sehemu ya BIOS inayoanzisha mashine. Ikiwa ni ya 2011, bodi hiyo haitakubali prosesa za Xeon E5 v2 (toleo la pili, jipya zaidi, la prosesa za Intel za mashine hii) kamwe, na kusasisha BIOS hakusaidii kitu. Unayoitaka ni ya 2013. Hapo ndipo wengi wanapoliwa hela.

Mashine ikiwasha taa nyekundu na kulia mara 5, ni RAM; mara 6, kadi ya picha. Kwa unyevu wetu wa pwani ya Tanga, mara nyingi ni kutu tu kwenye meno ya RAM: chomoa waya wa umeme, toa RAM, futa meno kwa kitambaa chenye spiriti, acha yakauke kabisa, rudisha moja moja ukijaribu. RAM zote zikigoma, shuku nafasi zenyewe za RAM kwenye bodi.