Faili 35 na Hata Moja Haikuimba: Nilivyoanza na Makundi ya Habari

Siku ya kwanza nilishusha faili 35 za muziki kutoka Usenet, mtandao wa zamani wa makundi ya habari, na hata moja haikuimba. Majina yake yaliishia na r00, r01, r02, na kila nilipobofya, kompyuta iliniuliza niifungue kwa programu gani. Nikazifuta zote kwa hasira, nikiamini nimepigwa changa la macho. Kumbe albamu nzima ilikuwa mkononi mwangu, imefungwa kama mzigo wa safari, ila sikujua fundo liko wapi.

Nianze basi na jambo ambalo mimi sikuambiwa na mtu. Usenet haikubuniwa ibebe muziki. Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke kule Marekani, waliibuni mwaka 1979 ili kompyuta za vyuo zipashane habari, na ilizaliwa kwa ajili ya maandishi tu. Seva inapokea ujumbe, inaupitisha kwa seva nyingine, basi. Anayetaka kuweka wimbo humo inambidi aukatekate, kila kipande akivishe sura ya maandishi, kisha akitume kama ujumbe wa kawaida. Kwa desturi kipande kimoja hakifiki hata megabaiti moja, kwa hiyo albamu ya megabaiti 300 huweza kuwa jumbe zaidi ya 400. Zamani kazi hiyo ya kuvisha ilifanywa kwa uuencode, iliyovimbisha faili kwa theluthi na zaidi. Mwaka 2001 ikaja yEnc, ambayo huongeza asilimia moja au mbili tu. Wewe hutaigusa, programu inajifanyia.

Ukishaliona hilo la vipande, karibu kila usumbufu utakaokupata utajua umetoka wapi.

Kwanza akaunti. Usenet haina mwenyewe wala makao makuu, hivyo unahitaji mtu mwenye seva akuruhusu kuingia. Zipo seva za bure, lakini nyingi, kama Eternal September, ni za mazungumzo tu na hazibebi faili. Muziki uko kwenye makundi yanayoanza na alt.binaries, kwa mfano alt.binaries.sounds.mp3, au alt.binaries.sounds.lossless kwa wanaotaka sauti ambayo haijapunguzwa kitu. Kwa hayo utalipa. Unaweza kulipa kila mwezi, au ukanunua kifurushi cha gigabaiti unachotumia mpaka kiishe. Mimi kwa tamaa nililipia mwaka mzima, halafu kwa miezi kama tisa sikuingia kabisa. Anayeanza anunue kifurushi kidogo. Muziki si filamu, gigabaiti chache zinakwenda mbali.

Wauzaji watakutajia siku za hifadhi, yaani ujumbe unakaa kwenye seva muda gani kabla haujafutwa. Utaona maelfu ya siku. Usizilewe sana hesabu hizo, kwa sababu ujumbe kuwa ndani ya muda hakumaanishi vipande vyake vyote bado vipo. Vingine hupotea njiani, vingine huondolewa kwa malalamiko ya hakimiliki. Na hili nilijifunza kwa fedha yangu: nilifungua akaunti ya pili kwa muuzaji mwingine ili inisaidie vipande vikikosekana, vikakosekana vilevile, palepale. Majina mawili, seva zile zile nyuma. Kabla ya kununua ya pili, uliza inachota kwenye seva za nani.

Programu ni sehemu rahisi. SABnzbd na NZBGet ni za bure, na zote mbili unazitumia ndani ya kivinjari. Unajaza anwani ya seva, jina, nywila, na namba ya poti: 563 kwa muunganisho uliofichwa, 119 kwa ulio wazi. Chagua 563. Idadi ya miunganisho isizidi uliyoruhusiwa; mimi nilijaza 50 kwenye akaunti ya 20, nikashinda jioni nzima namlaumu muuzaji kwa nini ananikatia.

Njia ya kizamani ya kutafuta ni kufungua kundi na kushusha orodha ya vichwa vya jumbe zake. Niliwahi kuliamuru kundi moja kubwa liniletee vyote. Kompyuta iliganda, feni ikanguruma, nikaenda kulala ikiwa bado inahesabu. Siku hizi tunatumia faili ya NZB, kifaili kidogo cha maandishi chenye namba ya utambulisho ya kila kipande cha albamu unayoitaka. Unaitupia programu, nayo inajua pa kuchota. Haina muziki ndani yake, kwa hiyo usishangae ikiwa ndogo sana.

Sasa zile r00 na r01. Ni vipande vya furushi moja la RAR, na hufunguliwa kwa pamoja kuanzia ile ya kwanza, inayoishia na rar. Kando yake utakuta faili za par2, yaani viraka vya kuziba vipande vilivyokosekana, na hizi ndizo nilizozidharau kuliko zote. Majina yake yanafanana na vol07+08 au vol15+16. Namba ya mwisho ndiyo muhimu: 08 maana yake faili hiyo ina vipande vinane vya kiraka, 16 ina kumi na sita. Utamu wake ni kwamba kiraka hakichagui tundu. Chochote kilichokosekana, kiwe cha mwanzo au cha mwisho, kiraka chochote kinaziba, kwa hesabu iitwayo Reed-Solomon. Programu ikikuambia umepungukiwa vipande 11, vol15+16 inatosha peke yake, au vol07+08 pamoja na vol03+04. Ukiwa na 10 tu, hupati kitu. SABnzbd huyafanya haya kimya kimya, lakini ni vizuri kujua inachofanya siku itakaposhindwa.

Mambo mawili yanatosha kukufanya ufute bila kuuliza: albamu inayofunguka na kutoa faili ya exe, yaani programu badala ya wimbo, na furushi linalodai nywila huku likikuelekeza kwenye tovuti ya kujisajili. Wimbo hauhitaji kusakinishwa.

Kuhusu hakimiliki, muunganisho uliofichwa haugeuzi mali ya mtu kuwa yako. Mengi yaliyomo humo yamewekwa bila ruhusa, nami siyagusi. Ninachofuata ni maonyesho ya bendi zinazoruhusu mashabiki kurekodi, kama Grateful Dead waliofikia kuwatengea warekodi eneo lao ukumbini mwaka 1984, na santuri za kale. Kwa sheria ya Marekani, rekodi zilizotolewa kabla ya 1923 zilikuwa huru kwa wote kuanzia Januari 1, 2022. Kwingineko sheria ni nyingine, angalia ya kwako.

Faili zikishafunguka usikimbilie kufuta RAR na par2. Kama ni FLAC, yaani faili ya ile sauti isiyopunguzwa kitu, fungua dirisha la amri la kompyuta uandike flac -t na jina la faili. Itausoma wimbo wote na kukuambia kama uko mzima. Niliwahi kufuta kila kitu kabla ya kusikiliza, kisha wimbo wa sita ukakatika katikati ya gitaa. Nikauliza kundini kwa adabu, nikitaja jina kamili la faili na siku ilipotumwa. Kesho yake asubuhi nikakuta mtu ameurudisha, wimbo ule mmoja tu, na viraka vyake viwili.