Jibu: Wiki mbili za kuangalia kliniki ya kupanga meno

Daktari mwenzangu, umeuliza kama wiki mbili za kuangalia tu zitakutosha kuanza kufunga waya za meno hapo Temeke. Hazitoshi. Mgonjwa mmoja mara nyingi hutibiwa miezi 18 hadi 24, wewe utaona kipande tu.

Lakini nenda! Omba uone wagonjwa wa hatua tofauti: anayechukuliwa vipimo, anayebadilishiwa waya, anayevuliwa waya. Mimi nilipokwenda kuangalia hivyo, kilichonizindua ni mtoto wa miaka 8. Akiuma, meno ya mbele ya juu yanaingia nyuma ya yale ya chini. Tangu siku ile watoto wa hivyo nawapeleka kwa bingwa mapema, siwaambii tena wasubiri meno yote ya utu uzima yaote.